Somo la Mwezi: Kwa Nini Mala Ilikataa Kuganda?



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya viumbe ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuviona kwa macho, lakini vimo katika kila ndoo ya maziwa, katika kila konzi ya udongo, na katika kila tone la maji ya mto Nzoia. Msiogope, somo lenyewe si gumu. Ndani yake mtakuta jaribio ambalo kila mmoja aweza kulifanya jikoni kwake kwa vikombe vitatu. Tuanze na kisa kilichotuletea somo hili.

KISA CHA MALA

Kiko kikundi cha akina mama katika skimu ya Ndalu ambao hutengeneza mala ya kuuza. Mbegu ya kugandishia waliinunua dukani mara moja tu, pakiti moja. Tangu siku hiyo wakawa wanafanya kama wengi wetu tufanyavyo: kutoka katika mala ya leo huchotwa kikombe kimoja cha kugandishia maziwa ya kesho. Kwa wiki sita kazi ilikwenda vizuri, na karo za watoto zikalipwa.

Kisha asubuhi moja walifunua ndoo wakakuta maziwa ni maji vilevile, kana kwamba yametoka kukamuliwa. Jioni wakatia mbegu tena, kwa maziwa mengine. Asubuhi, mambo ni yale yale. Lita 80 zikaharibika kwa siku mbili, na wateja wakaanza kwenda kwingine.

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema ni jicho la husuda. Mwingine alisema yuko mwenzao aliyeleta maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa, akaficha. Hili la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu mama aliyeshukiwa alikuwa na jina, na kikundi kilikaribia kuvunjika. Ndipo mwenyekiti wao akaja ofisini na chupa ya maziwa yaliyokataa.

"Mwalimu," aliniambia, "tuambie ni nani aliyetuharibia."

Mimi ni karani wa kilimo, si daktari wa mifugo. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii, na mwalimu akiulizwa asilolijua hana budi kulitafuta. Nilimwendea afisa wa mifugo, tukakaa na vitabu, na haya ndiyo tuliyojifunza.

BAKTERIA NA ADUI WAKE

Maziwa hugandishwa na bakteria. Hao ni vijidudu vidogo sana. Ukiwapanga elfu moja kwa mstari, watafika milimita moja hivi. Bakteria wa mala hula sukari iliyomo katika maziwa na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo hufanya maziwa yawe machachu na kuganda. Kwa hiyo mbegu ya mala si unga wala dawa. Ni kundi la viumbe hai, kama kundi la ng'ombe, nalo laweza kupatwa na maradhi.

Ndiyo, bakteria naye huugua. Adui yake ni aina ya virusi, vidogo kuliko yeye kwa mara kumi hivi. Wataalamu huviita bakteriofaji, maana yake vilaji vya bakteria. Kirusi cha namna hii hakiwezi kuzaa peke yake. Hujibandika juu ya bakteria, kikaingiza ndani maumbile yake, na kumlazimisha bakteria aache kazi zake na kutengeneza virusi vingine. Baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja au zaidi kidogo, bakteria hupasuka na virusi vipya humwagika nje kutafuta wengine.

Tupige hesabu. Tuseme kila bakteria anayepasuka hutoa virusi 50. Kirusi kimoja huleta 50. Hivyo 50 huleta 2,500. Hivyo 2,500 huleta 125,000. Na hivyo huleta 6,250,000. Hiyo ni mizunguko minne tu! Usiku mmoja watosha kabisa kumaliza kundi lote katika ndoo.

Lakini shikeni jambo hili, maana ndilo msingi wa somo lote: kila aina ya kirusi hujua aina yake ya bakteria, kama ufunguo ujuavyo kufuli yake. Kirusi cha bakteria wa mala hakimgusi mtu, wala ng'ombe, wala mahindi. Mara nyingi hakimgusi hata bakteria wa aina nyingine aliye jirani katika ndoo hiyo hiyo.

Mambo haya yalianza kujulikana zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Frederick Twort wa London aliyaandika mwaka 1915, na Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris akayaandika mwaka 1917, akavipa virusi hivyo jina lake. Habari ya maziwa iligunduliwa mwaka 1935 huko New Zealand, nchi ya wafugaji kama sisi. Wenye viwanda vya jibini walikuwa wakipata hasara ile ile ya akina mama wa Ndalu, mpaka Whitehead na Cox wakaonyesha kwamba mbegu yao ilikuwa ikiuawa na virusi.

JARIBIO LA VIKOMBE VITATU

Sasa, tutajuaje kama ni virusi au ni dawa ya sindano? Dawa za kuua bakteria zinazotumiwa kwa ugonjwa wa kiwele huingia katika maziwa, na kiasi kidogo tu chaweza kuzuia mala isigande. Lakini iko tofauti moja. Kuchemsha maziwa hakuziondoi dawa nyingi za namna hiyo. Virusi vya bakteria, kinyume chake, huharibika vikichemshwa sawasawa. Tofauti hii ndiyo tuliyoitumia, nanyi mwaweza kuitumia.

Chukua maziwa ya ng'ombe ambaye una hakika hajapewa dawa yoyote. Yachemshe, yapoe, uyagawe katika vyombo vitatu safi, nusu lita kila kimoja. Tia katika vyote mbegu mpya ya dukani, kwa kipimo kimoja. Kisha fanya hivi:

Chombo cha kwanza: usiongeze kitu kingine.
Chombo cha pili: ongeza robo kikombe ya maziwa yaliyokataa kuganda, bila kuyachemsha.
Chombo cha tatu: ongeza robo kikombe ya maziwa hayo hayo, lakini kwanza yachemshe kwa dakika 10 na kuyapoza.

Funika vyote, uviweke mahali pamoja penye joto sawa mpaka asubuhi.

Ikiwa cha kwanza na cha tatu vimeganda, na cha pili kimekataa, basi kilichoharibu kilikuwa kitu kinachouawa na moto. Yaelekea sana kuwa ni virusi. Ikiwa cha pili na cha tatu vyote vimekataa, yaelekea ni dawa. Ikiwa vyote vitatu vimeganda, huenda mbegu ya zamani ilikuwa imechoka tu, au dawa ilikuwa kidogo na imezimuliwa. Ukimaliza, maziwa ya majaribio yamwagwe, yasinywewe.

Tulilifanya jaribio hili mbele ya kikundi kizima. Asubuhi cha kwanza kilikuwa kimeganda vizuri, na cha tatu vilevile. Cha pili kilikuwa maji. Mwenyekiti alivitazama vyombo kwa muda, kisha akamgeukia yule mama aliyeshukiwa akamwomba radhi mbele ya watu. Kwangu mimi, hiyo ilikuwa faida kubwa kuliko lita 80.

KIBUYU CHA KUKHU

Hapo kukhu mmoja aliyekuwa ameketi pembeni alicheka. Akasema, "Mimi kibuyu changu ni cha tangu niolewe. Hakijakataa hata siku moja. Mbona virusi vyenu havikijui?"

Ni swali la maana sana. Jibu ni kwamba virusi vimo katika kibuyu chake pia, lakini mbegu ya dukani mara nyingi huwa na aina chache tu za bakteria, waliochaguliwa kwa ladha na kwa haraka ya kazi. Kirusi kinachowajua kikiingia, kazi yote husimama. Kibuyu cha kukhu kina aina nyingi mno, zilizokusanyika kwa miaka. Aina moja ikizidi wingi, kirusi chake huipata kwa urahisi, kwa sababu majirani wamebanana kama kuku katika banda dogo. Huipunguza. Nafasi iliyoachwa huchukuliwa na aina nyingine isiyoguswa na kirusi hicho, nayo huendelea kutoa asidi. Kesho nayo ikizidi, itapunguzwa. Wazee walisema, aliye juu mngoje chini. Katika dunia ya bakteria, virusi ndivyo vitekelezaji wa methali hiyo.

Tena bakteria wengine huokoka na kujifunza. Mwaka 2007 Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao walionyesha kwamba bakteria wa mtindi aliyenusurika huweka ndani yake kipande kidogo cha maumbile ya kirusi, kama alama ya adui. Kirusi hicho kikirudi hutambuliwa na kukatwa. Uholanzi nako, watengenezaji wa jibini waliona kwamba mbegu za zamani zenye mchanganyiko, zilizozoea kuishi pamoja na virusi, husimama imara kuliko zile zilizolelewa peke yake maabarani.

Kwa hiyo virusi hivi haviharibu tu. Vinazuia aina moja isitawale, na hivyo aina nyingi hupata kuishi pamoja.

ZIWA NAKURU NA NDEGE WAKE

Msidhani kwamba mambo haya huishia katika ndoo. Wengi wenu mmepita Nakuru mkienda Nairobi, na mmesikia habari za ndege wa waridi wa ziwa lile, heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Maji ya Ziwa Nakuru yana magadi, na viumbe wachache tu huyaweza. Chakula kikuu cha heroe mdogo ni bakteria wa kijani wanaoitwa Arthrospira, ambao hutumia mwanga wa jua kama majani yatumiavyo. Wakistawi, maji huwa mazito na ya kijani, na ndege huja kwa mamia ya maelfu.

Lakini mara kwa mara bakteria hao hupungua ghafla, na ndege huondoka. Mwaka 2014 Peter Peduzzi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikuta katika maji ya Nakuru virusi vingi kuliko vilivyowahi kuhesabiwa mpaka wakati huo katika maji yoyote ya asili. Walionyesha kwamba virusi viliwashambulia bakteria wale wa kijani, bakteria wakaanguka, na hesabu ya ndege ikaanguka nyuma yao.

Fikirini jambo hilo. Kitu kisichoonekana kwa macho kilimwua kiumbe mdogo, na ndege mrefu akahama. Si virusi peke yake vinavyowahamisha heroe. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda sana, na maji mengi yamezimua magadi. Lakini mafunzo ni yale ya ndoo ya Ndalu: karamu iliyotegemea chakula kimoja huvunjika siku chakula hicho kikipatwa na maradhi.

UDONGO WA SHAMBA LAKO

Turudi nyumbani. Katika kijiko cha udongo mzuri wa Trans Nzoia au wa miteremko ya Elgon mna bakteria mamilioni kwa mamilioni, na virusi vyao hesabu ya namna hiyo hiyo au zaidi. Baadhi ya bakteria hao ni wale wakaao katika vinundu vya mizizi ya maharagwe na kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Hao nao wana virusi vyao.

Bakteria anapopasuka, naitrojeni na fosforasi zilizokuwa ndani yake humwagika. Wengine huzila, na sehemu hufikia mizizi. Baharini, wataalamu hukadiria kwamba virusi huua kila siku kiasi cha moja ya tano ya bakteria waliomo, na chakula kinachomwagika hulisha wengine. Kama virusi hivi visingekuwapo, chakula kingi kingebaki kimefungwa ndani ya wachache waliozidi.

Mkulima hawezi kuvichunga virusi hivi kama mbuzi. Lakini aweza kulinda wingi wa aina udongoni: kwa mbolea ya samadi iliyoiva, kwa kuacha mabaki ya mazao bila kuyachoma, na kwa kubadilisha mazao badala ya mahindi juu ya mahindi kila mwaka. Mnakumbuka ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 ukaenea mpaka kwetu. Huo uliletwa na virusi vya mimea, ambavyo ni jamaa nyingine, lakini kanuni yao haikutofautiana. Shamba la kitu kimoja ni karamu kwa adui wa kitu hicho.

TAHADHARI: SI RAFIKI WA KILA SIKU

Nisingependa mtu atoke hapa akidhani kwamba maji ya mto husafishwa na virusi, basi hayana haja ya kuchemshwa. La! Virusi vingine haviui bakteria mara moja. Hujificha ndani yake na kurithiwa na watoto wake. Vingine humpa silaha. Mwaka 1996 Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba sumu ya kipindupindu, ile inayomkausha mgonjwa kwa kuhara, huletwa katika bakteria na kirusi. Bakteria wa kipindupindu asiye na maumbile hayo hana sumu hiyo. Maji yachemsheni. Maziwa pia, hata ya kibuyu, kwanza yachemsheni ndipo mgandishe, kwa ajili ya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na kifua kikuu, ambavyo humpata mtu kwa maziwa mabichi.

KUKU NA DAWA

Neno moja kwa wafugaji wa kuku. Mwaka 1919 d'Hérelle alijaribu virusi vyake huko Ufaransa kwa kuku wenye homa ya matumbo. Baadaye dawa za kuua bakteria zilipopatikana kwa urahisi, nchi nyingi ziliiacha njia hiyo. Sasa dawa hizo zinaanza kushindwa, kwa kuwa tumezitumia ovyo, na bakteria wamezizoea. Dawa huua wengi bila kuchagua, wabaya na wema. Kirusi huchagua aina yake. Ndiyo maana wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, wamekuwa wakitafuta virusi vinavyoua bakteria wa Salmonella wa kuku. Kazi ya namna hiyo huchanganya virusi vya aina kadhaa, ili bakteria akikikwepa kimoja akamatwe na kingine.

Msingoje virusi hivyo ndipo muanze kutunza dawa. Usimpe kuku au ng'ombe dawa bila ushauri wa afisa wa mifugo. Usiache kipimo katikati. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasiuzwe wala kuchanganywa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa.

MAMBO YA KUFANYA KWA WATENGENEZAJI WA MALA

1. Pashe maziwa moto mpaka nyuzi 90 kwa dakika 5 hadi 10, au nyuzi 85 kwa dakika 30. Joto dogo huacha virusi vingine hai.
2. Usirudie mbegu moja kwa wiki nyingi. Nunua mpya kabla ya ile ya zamani kukataa.
3. Weka mbegu za aina mbili au tatu tofauti, uzitumie kwa zamu. Kirusi kilichozoea moja kitakosa chakula siku ya nyingine.
4. Maji yanayojitenga na mala ndiyo makao ya virusi. Yasimwagike penye kazi, wala yasiguse mbegu.
5. Osha vyombo kwa maji moto na sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini kama karatasi yake iagizavyo, na uvikaushe juani.
6. Mala ikikataa, usimshuku mtu. Fanya jaribio la vikombe vitatu.

Akina mama wa Ndalu sasa wana mbegu za aina tatu, kila moja na chupa yake na utepe wa rangi yake: mwekundu, mweupe na wa kijani. Zamu imeandikwa ukutani kwa chaki. Kukhu bado ana kibuyu chake, na mpaka leo hakijakataa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kirusi cha bakteria wa mala hakiwezi kumdhuru mtu anayekunywa mala?
2. Kirusi kimoja kikizaa 50, na kila kimoja cha hivyo kikizaa 50, vitakuwa vingapi baada ya mizunguko mitatu?
3. Katika jaribio, kwa nini tulichemsha maziwa yaliyowekwa katika chombo cha tatu?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kibuyu cha kukhu hakikukataa, na ndege wa Nakuru walihama.
5. Katika shamba lako, ni kitu gani unachokitegemea peke yake? Kikipatwa na maradhi, utabaki na nini?

Swali la tano halina jibu katika ukurasa huu. Lijadilini nyumbani, na kikundini, kabla ya msimu wa kupanda.